Meya wa Jiji la Dar es Salaam ni Meya wa Ilala

Baada ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, madiwani nchi nzima walikaa kuchagua mameya na wenyeviti wa halmashauri zao, na kama ilivyo ada macho ya wengi yalielekea Dar es Salaam. Jina la Meya wa Jiji lilipotangazwa, mjadala ulimhusu mtu: katoka wapi, kabebwa na nani, atafaa au hatafaa. Kiti chenyewe hakikujadiliwa. Wakati huohuo ilianza kuzunguka kwenye simu za watu ile orodha inayofufuka kila baada ya uchaguzi, inayoanzia kwa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1960, ikapita majina ya katikati ambayo wengi wetu tumeyasahau, ikafika kwa Kleist Sykes, Adam Kimbisa, Didas Masaburi, Isaya Mwita na Omary Kumbilamoto, ikaishia kwa meya wa leo. Ni orodha inayopendeza kuisoma, na aliyeiandika hakuwa na nia mbaya. Lakini ameunga kamba mbili tofauti, na fundo lake limekaa mahali ambapo hapakuwa na makabidhiano ya kiti: kati ya Mwita na Kumbilamoto.

Kumbilamoto hakukalia kiti alichokalia Mwita. Alikuwa Meya wa Manispaa ya Ilala, na tarehe 24 Februari 2021, kwa tangazo la Rais John Magufuli, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi na jina la jiji. Meya wa Ilala aliamka asubuhi akiwa na cheo kimoja na kulala usiku akiwa na kingine, bila kupigiwa kura mpya, bila kuongezewa mtaa hata mmoja wa kuusimamia. Hoja ya makala haya ni kwamba kiti cha Meya wa Jiji la Dar es Salaam tulicho nacho leo ni mrithi wa kiti cha Ilala kilichozaliwa mwaka 2000, na kile cha Amri Abedi kimebaki bila mrithi. Hili ni zaidi ya ubishi wa watunza kumbukumbu. Kwa kuamini kwamba Dar es Salaam bado ina meya wake, tumeacha kuuliza ni nani anayeusemea mkoa mzima wenye watu zaidi ya milioni tano, na tumeifuta kimyakimya historia ya manispaa iliyokuwa na mameya wake, vikao vyake na siasa zake kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ili kuliona fundo hilo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Dar es Salaam ilipewa hadhi ya manispaa mwaka 1949, na hapo ndipo umeya ulipoanza, kwa desturi ya Kiingereza ya joho na mkufu. Katika miaka ya 1950 kiti hicho kilikaliwa na Wazungu na Waasia, miongoni mwao Abdulkarim Karimjee, ambaye pia alikuwa Spika wa Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Amri Abedi alipochaguliwa mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kukikalia, na huyo alikuwa mshairi na mwanazuoni kabla ya kuwa mwanasiasa. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanamjua kwa kanuni za utunzi wa mashairi kuliko kwa umeya. Mwaka uliofuata, siku moja baada ya uhuru, yaani tarehe 10 Desemba 1961, Dar es Salaam ikawa jiji. Wakati huo mji ulikuwa mdogo na baraza lilikuwa moja. Uzunguni, Uhindini, Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke zote zilikuwa chini ya ukumbi mmoja, na ukisema "Meya wa Dar es Salaam" hapakuwa na haja ya kuuliza ni wa wapi hasa.

Mpangilio huo haukudumu. Madaraka Mikoani, mfumo ulioanza mwaka 1972, uliondoa halmashauri na kuweka utawala wa mikoa na wilaya mahali pake, na halmashauri za miji nazo zikafuata mkondo huo. Ni katika miaka hiyo ya 1970 ambapo mkoa uligawanywa katika wilaya tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mgawanyo huo ulikuwa wa kiutawala tu, wa wakuu wa wilaya na watendaji, lakini ndio uliochora mistari ambayo mameya wa baadaye wangeirithi. Miji iliachwa bila mwenyewe hadi uchafu na kipindupindu vikaizindua serikali, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarejeshwa. Sheria namba 8 ya mwaka 1982 ya mamlaka za miji ikayapa mabaraza hayo msingi ambao, pamoja na marekebisho mengi, tunao mpaka leo. Baraza la Jiji lililorudi halikuwa na sifa nzuri. Juni 1996, chini ya Waziri Mkuu Frederick Sumaye, lilivunjwa na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji iliyoongozwa na Charles Keenja. Wakazi wenye umri wa kukumbuka watakuambia habari za barabara zilizozibwa mashimo na takataka zilizozolewa, na baadhi yao bado wanaamini kwamba jiji halijawahi kuendeshwa vizuri kama lilipokuwa halina diwani hata mmoja. Imani hiyo imekuwa na nguvu katika siasa za mji huu kuliko tunavyokubali, na nitairudia.

Tume ilipomaliza kazi mwaka 2000 iliacha muundo mpya. Badala ya halmashauri moja zikawa nne: manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke, kila moja ikiwa na meya, baraza, mkurugenzi na bajeti yake, na juu yao Halmashauri ya Jiji yenye meya wake, iliyoundwa na wajumbe waliotoka katika manispaa hizo pamoja na wabunge. Kuanzia hapo mji ulikuwa na mameya wanne, na baada ya Kinondoni kuzaa Ubungo na Temeke kuzaa Kigamboni wakawa sita. Meya wa kwanza wa Jiji katika mpango huo, Kleist Sykes, alikuwa mjukuu wa Kleist Sykes wa African Association ya mwaka 1929, na jina lake lilitosha kuipa ofisi mpya sura ya ukongwe ambayo kisheria haikuwa nayo. Vikao vya Jiji vilikaa Karimjee, ukumbi ambamo Bunge la kwanza la nchi lilikaa. Vikao vya Ilala vilikaa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, au Anatoglo kama wenyeji wanavyolitamka, ukumbi ambamo Aprili 1953 Julius Nyerere alichaguliwa kuwa rais wa TAA, yaani Tanganyika African Association. Mtu akitoka Anatoglo kwenda Karimjee anafika kwa miguu kabla jasho halijakauka, na kwa miaka ishirini na moja hizo zilikuwa serikali mbili tofauti, moja ya chini na nyingine ya juu, ndani ya eneo ambalo mpita njia anaona ni mji uleule.

Manispaa ya Ilala ndiyo iliyokuwa na utajiri wa pekee kati ya zile tatu. Ndani ya mipaka yake mna Kivukoni pamoja na wizara na benki zake, Posta, Kisutu, Upanga, Kariakoo, uwanja wa ndege, kisha unatoka kuelekea Gongo la Mboto, Pugu, Chanika na Msongola, ambako hadi leo kuna mashamba ya mihogo. Meya wa Ilala alikuwa msimamizi wa duka kubwa kuliko yote nchini na, kwa wakati huohuo, wa kata ambazo mvua ikinyesha siku mbili mfululizo bodaboda hazipiti. Abuu Jumaa aliiongoza, akafuatiwa na Jerry Silaa kati ya 2010 na 2015, kijana ambaye baadaye alikuwa Mbunge wa Ukonga na waziri. Januari 2016 kiti kikaenda upinzani: Charles Kuyeko wa Chadema akawa meya, na naibu wake akawa Omary Kumbilamoto, diwani wa Vingunguti kwa tiketi ya CUF. Huyu Kumbilamoto akahamia CCM, akawa Meya wa Ilala kabla ya uchaguzi wa 2020, akarudi tena baada yake. Mlolongo huo una mantiki yake ya ndani. Mtu anaingia kama naibu katika baraza la Ilala, anapanda kuwa meya katika baraza la Ilala, na anaendelea na baraza hilohilo jina lake linapobadilika. Ukimweka katika orodha ya Jiji baada ya Mwita, anaonekana kama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni.

Mwita mwenyewe anastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu kisa chake ndicho kinachoonyesha tofauti ya viti hivi viwili. Uchaguzi wa Meya wa Jiji mwaka 2016 uliahirishwa mara kadhaa, kwa ubishi kuhusu nani ni mpiga kura halali na kwa habari za zuio la mahakama, hadi Machi 22 alipopata kura 84 dhidi ya 67 za Omary Yenga wa CCM. Kura hizo zilipigwa na madiwani wa manispaa zote, kwa kuwa kiti kilikuwa cha wote. Na mshindi hakutoka Ilala. Alikuwa diwani wa Vijibweni, ng'ambo ya Kivukoni, huko Kigamboni. Leo diwani wa Vijibweni hawezi kuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam, hawezi kugombea wala kupiga kura, kama vile diwani wa Morogoro asivyoweza. Januari 2020 Mwita aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, huku kukiwa na ubishi mkali juu ya hesabu ya theluthi mbili, na mwaka mmoja baadaye ofisi yenyewe ikaondoka.

Tangazo la Februari 2021 lilitolewa katika siku ya uzinduzi: daraja la juu la Ubungo lililopewa jina la Kijazi na kituo kipya cha mabasi cha Mbezi Luis vilifunguliwa siku ileile, jambo ambalo kwa maoni yangu limechangia watu kulipokea kama sehemu ya sherehe. Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa fupi na yenye kueleweka: Halmashauri ya Jiji haikuwa na eneo lake, ilikaa juu ya maeneo ya wenzake, ikachangiwa fedha na manispaa, na kazi zake nyingi zilikuwa vikao na posho. Hivyo ivunjwe, na Ilala, ambayo ndiyo yenye katikati ya mji, iwe jiji.

Tangu wakati huo maelezo ya watu yamegawanyika. Kundi moja linasema Jiji lilivunjwa kuwakomoa wapinzani, kwa kuwa walilitwaa mwaka 2016 na chama tawala hakikusahau. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayorudiwa zaidi vijiweni. Hoja ya kisiasa inatosha kueleza yaliyompata Mwita Januari 2020, wakati Chadema bado ilikuwa na madiwani wengi mjini. Februari 2021 hali ilikuwa nyingine kabisa. Uchaguzi wa Oktoba 2020 ulikwisha kuiachia CCM karibu kata zote za mkoa, na hapakuwa na mpinzani wa kunyang'anywa chochote. Chama hakivunji baraza kinalolishika ili kuwakomoa watu wasiokuwemo. Anayeng'ang'ania maelezo haya anajipa raha ya kumjua mkosaji na kupoteza nafasi ya kulielewa tatizo, kwa sababu muundo ule ungeweza kuvunjwa hata kama Chadema haingewahi kuzaliwa. Mkono uleule wa serikali kuu ulishavunja mabaraza ya mji huu miaka ya 1970, ukayavunja tena mwaka 1996, katika zama ambazo siasa za vyama zilikuwa tofauti kabisa.

Hoja ya pili ina uzito, na ni ile iliyotolewa siku yenyewe: kwamba Jiji lilikuwa mzigo. Anayeitetea Halmashauri ile ya zamani lazima akubali kwamba rekodi yake haikuwa ya kujivunia. Sakata la hisa za UDA, shirika la mabasi ya mjini, ambamo Jiji lilikuwa na asilimia 51, lilifika bungeni na kuacha harufu mbaya kwa miaka. Jengo la Machinga Complex pale Karume lilisimama huku wamachinga wakibaki barabarani. Mkazi wa kawaida wa Mbagala au Tegeta alimjua mwenyekiti wa mtaa wake, alimjua diwani, labda alimjua meya wa manispaa kwa sura, ila ukimuuliza Meya wa Jiji anamfanyia nini angeanza kukuna kichwa. Kwa hiyo wanaosema kwamba ngazi ile ilikuwa ya kupokea wageni wa kigeni na kufungua makongamano hawakutunga.

Lakini hapo ndipo hoja hiyo inapoishia, kwa sababu haiulizi kwa nini Jiji lilikuwa tupu. Lilikaushwa hatua kwa hatua, na mengi ya makato hayo yalifanyika mbali na Karimjee. Maji yalikuwa ya DAWASA, barabara kuu za TANROADS, na kuanzia 2017 barabara za mitaa zikaenda TARURA. Mabasi yaendayo haraka yalipewa wakala wake, DART, chini ya TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa. Kodi ya majengo, ambayo popote duniani ndiyo mfupa wa mgongo wa serikali za miji, ilipelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kiasi kwamba mpangaji wa chumba kimoja Buguruni anailipa kila mwezi anaponunua umeme bila kujua inakwenda kwa nani. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais, na meya, awe wa Jiji au wa manispaa, ni mwenyekiti wa kikao ambacho utekelezaji wa maazimio yake uko mikononi mwa wengine. Baada ya kulipora gari injini, magurudumu na usukani, tulilifikisha mahakamani kwa kosa la kutotembea. Na hapa inarudi ile imani ya enzi za Tume: kwamba mji unaendeshwa vizuri zaidi na walioteuliwa. Imani hiyo ina ushahidi wa barabara na mifereji ya miaka minne, na haina jibu kwa swali la mkazi anayetaka kumwondoa aliyemharibia mtaa wake.

Wapo pia wanaoona kwamba ninapigania jina. Watasema Ilala ndiyo Dar es Salaam halisi, bandari yenyewe na mji wa zamani vipo pale, basi kuna ubaya gani ikiitwa Jiji? Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa lina chembe ya historia: sehemu kubwa ya mji wa kikoloni imo ndani ya mipaka ya Ilala. Hata hivyo Oyster Bay, Magomeni na Temeke zilikuwa mitaa ya mji huohuo kabla ya uhuru, na bandari yenyewe leo imekaa ndani ya Temeke na Ilala kwa pamoja. Kisha zipo hesabu za watu. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika mkoa, na kati yao 1,649,912 ndio walikuwa Ilala. Watu 3,733,816, yaani zaidi ya theluthi mbili ya wale ambao ukiwakuta Mwanza au Muscat watakuambia wanatoka Dar es Salaam, wanaishi nje ya Jiji la Dar es Salaam. Ukipanda basi la mwendokasi Kimara unakuwa Ubungo, ukifika Magomeni uko Kinondoni, ukivuka Jangwani ndipo unaingia Jiji, na hakuna abiria anayehisi kwamba amesafiri.

Maji ndiyo yanayohisi. Bonde la Msimbazi linateremka kutoka vilima vya Pugu, linapita kati ya halmashauri na kumwaga baharini pale Daraja la Salenda, na katika sehemu ya chini ya safari yake ndilo lenyewe mpaka. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza jamaa yangu anayeishi kando ya bonde hilo kwenda kulalamika juu ya mfereji uliozibwa na taka upande wa pili wa mto. Tulipokelewa kwa adabu. Ofisa alifungua ramani kwenye kompyuta, akasogeza kidole hadi kwenye mstari, akatuonyesha kwamba uchafu uko kwa wenzao ila maji yanaingia kwetu. Upande wa pili nao walituambia mfereji ni wao, lakini wanaofurika si watu wao. Hakuna aliyetudanganya. Kila mmoja alikuwa sahihi ndani ya mpaka wake, na nyumba ya jamaa yangu ilikuwa juu ya mpaka. Mradi mkubwa wa kuliendeleza bonde hilo, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, unasimamiwa na serikali kuu kupitia TAMISEMI na TARURA, na ukiangalia ramani huwezi kushangaa: hakuna baraza lolote la madiwani ambalo Msimbazi yote ni yake. Mkuu wa Mkoa anaweza kuwaita wakurugenzi wote mezani, na huwaita. Tatizo ni kwamba hachaguliwi na yeyote kati ya watu hao milioni tano, na barua moja inatosha kumhamishia mkoa mwingine.

Majirani zetu wamelishughulikia swali hili kwa njia zinazotofautiana. Nairobi, iliyompata meya wake wa kwanza Mwafrika, Charles Rubia, mwaka 1962, ilifuta umeya baada ya Katiba ya 2010 na tangu 2013 ina gavana mmoja anayechaguliwa na wakazi wote wa kaunti. Ugomvi na serikali kuu haujaisha, ila wapigakura wanajua wa kumlaumu. Kampala ilibaki na ngazi mbili, Meya Mkuu juu na mameya wa divisheni tano chini, kisha ikaweka mkurugenzi mtendaji wa kuteuliwa katikati yao, na miaka mingi imepita wakivutana. Sisi tuliuchukua mfano wetu nyumbani, Mwanza. Kule, Jiji ni Nyamagana, na Ilemela, yenye uwanja wa ndege unaoitwa wa Mwanza, ni manispaa inayojitegemea tangu 2012. Kwa jicho la wizara muundo huo ni nadhifu: halmashauri moja, eneo moja, bajeti moja. Lakini Mwanza iligawanywa ikiwa mji wa halmashauri mbili. Dar es Salaam ina tano, na ilikuwa na chombo cha kuziunganisha ambacho badala ya kukarabatiwa kilifutwa, huku bango lake likipachikwa kwenye mlango wa mmoja wa wanachama. Sheria inaruhusu halmashauri kufanya mambo kwa pamoja, na Benki ya DCB, iliyoanza mwaka 2002 kwa mtaji wa Jiji na manispaa zake tatu, ni ushahidi kwamba zikitaka zinaweza. Kinachokosekana ni mtu aliyechaguliwa ambaye kazi yake ni kuitisha kikao hicho.

Hasara nyingine inaihusu Ilala yenyewe, na hii haina wa kuilalamikia. Manispaa iliyopandishwa cheo imepoteza jina na, pamoja na jina, kumbukumbu zake. Mtu anayetafuta historia ya mameya wa Kinondoni au Temeke ana mahali pa kuanzia. Anayetafuta ya Ilala anakuta Jiji, na ndani ya Jiji anakuta Kimbisa na Masaburi, ambao hawakuwa mameya wa Ilala. Jumaa, Silaa na Kuyeko wamebaki bila orodha, wakiwa wamezidiwa na waliokaa Karimjee na wale waliokuja baada ya 2021. Wilaya bado inaitwa Ilala, ina mkuu wake wa wilaya, na jimbo moja la ubunge lina jina hilo. Halmashauri ndiyo pekee isiyoitwa hivyo. Mtaa uliopimwa na wakoloni kwa ajili ya Waafrika uliotoa jina kwa wilaya nzima umeishia kupewa jina la mji ambao kwa muda mrefu uliwaweka pembeni watu wake. Wapo watakaoliona hilo kama ushindi. Mimi naliona kama rekodi iliyochanganywa, na ningependekeza jambo dogo la kuanzia: mwenye kutundika picha za mameya ukutani azitundike katika safu mbili, moja ya Jiji la 1949 hadi 2021 pamoja na mapengo yake, na nyingine ya Ilala kuanzia 2000 hadi sasa.

Safu hiyo ya pili itahitajika mapema kuliko inavyodhaniwa. Mji huu hugawanyika unapokua. Kinondoni ilijaa ikamegwa Ubungo, Temeke ikajaa ikamegwa Kigamboni, na Ilala ndiyo pekee kati ya wale watatu wa mwaka 2000 ambayo haijamegwa, wakati ndiyo yenye watu wengi kuliko wote na ndiyo inayopanuka kwa kasi upande wa Chanika na Kivule. Mwaka 2025 Kivule ilipewa jimbo lake la uchaguzi, na katika nchi yetu jimbo jipya mara nyingi hutangulia ombi la halmashauri mpya. Siku ombi hilo litakapofika mezani, ataulizwa mtu swali ambalo mwaka 2021 hakuna aliyelazimika kulijibu: Ilala ikigawanywa, ni upande upi unaoondoka na jina la Jiji la Dar es Salaam? Ukibaki nalo upande wa Kivukoni na Kariakoo, jiji kubwa kuliko yote nchini litakuwa maofisi na maduka ambayo jioni watu wake wanarudi kulala kwenye halmashauri nyingine, na meya wake atachaguliwa na madiwani wa kata chache zinazozunguka Mnazi Mmoja.